Mkono Kwenye Stabilaiza

Jumamosi soko la Sumbawanga linajaa mpaka pa kuweka mguu unapatafuta. Herieth alikuwa anazunguka humo na kitu kakifunga kwenye leso, anawauliza wauza vifaa vya umeme mmoja mmoja, "Globu kama hii unayo?" Wanamcheka. Sweta la njano la mtumba, sketi ya marinda, raba nyeupe kazipaka chaki. Loth, fundi redio mwenye kibanda pembeni ya soko, alimwona kwa mbali, akaacha solda inaungua bure.

"Dada, hiyo si globu. Hiyo valvu, ya amplifaya za zamani."

"Kwani nimekuuliza wewe?"

"Bado. Ila hao wengine wote umeshawamaliza, nimebaki mimi."

Herieth alitaka kununa, akashindwa, akacheka.

Basi Loth akatafuta valvu nzima, akaenda kuifunga nyumbani kwa kina Herieth. Akamkuta baba yake Herieth, Mzee Eustace, mwalimu mstaafu, macho yameshaingia ukungu. Kila siku saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili mzee anasikiliza santuri zake. Sasa umeme wa mji miaka hiyo ulikuwa unapanda na kushuka unavyojisikia, na valvu hazitaki mchezo huo, zinaungua. Kwa hiyo kulikuwa na stabilaiza, kisanduku cha kusawazisha umeme, chenye nobu ya kuzungusha kwa mkono na sindano ya kuonyesha volti. Mzee sindano haioni. Mama alishafariki, kaka yuko Kabwe ziwani kwenye samaki. Nani azungushe? Herieth. Miaka miwili tangu amalize fomu foo, kila saa kumi yuko kwenye kigoda, mkono kwenye nobu. Wenzake wanapita dirishani wanacheka, yeye anaangalia sindano.

Loth akawa anakuja kila Alhamisi kukagua valvu, hata kama hazijambo. Santuri ikilia, wao wananong'ona chini yake.

"Nikifumba macho naona namba," Herieth alimwambia. "Mia mbili ishirini. Mpaka ndotoni."

"Mimi nikifumba nakuona wewe."

"Mwongo. Unaona waya."

"Nakuona wewe umeshika waya. Ujue nilikuwa naondoka mji huu, mpenzi. Mimi na mshikaji wangu Shedrack tunaenda Dar. Huku baridi tu na vumbi."

"Sasa si uende, nimekushika shati?"

"Ndiyo, umenishika."

Ikafika Alhamisi moja, Loth ndiyo kwanza kakaa, mzee akapunguza sauti ya santuri.

"Fundi, nasikia kuna amplifaya za transista zinaletwa kutoka Dubai. Zinakwenda hata na betri ya gari, hazitaki mtu wa kuzichunga. Kati ya hizo na hii yangu, wewe unasemaje?"

Herieth akainua macho kutoka kwenye sindano. Loth hakumwangalia. Kichwani mwake alikuwa na hesabu moja tu: transista ikiingia humu, valvu za kukagua hakuna, na Alhamisi hakuna.

"Mzee, transista sauti yake kavu. Valvu ina joto, inamleta mwimbaji mpaka hapa kwenye kochi. Hii yako usiiache."

Mzee akatabasamu. Sindano ikaanza kupanda, mia mbili arobaini, hamsini, valvu zikawa nyekundu, na Herieth anaitazama tu.

"Herieth, sindano!" Loth akaruka, akaizungusha nobu mwenyewe. Alipogeuka, binti alishatoka uani. Akadhani kachoka.

Kesho yake simu ya dukani kwa Ignasi, jirani na kibanda, ikalia. Herieth alikuwa anapiga kutoka posta.

"Loth, nimepata chuo cha uuguzi Mbeya. Naripoti Jumatatu hii. Baba alisema transista ikifaa, niende."

"Sikujua. Ungeniambia mapema."

"Ningekuambia jana baada ya chai. Hukusubiri hata chai, ukamjibu. Ulimjibu hivyo kwa sababu ya nini? Sauti?"

Loth akakuna ukuta kwa kucha.

"Kwa sababu ya Alhamisi."

"Basi baki nayo hiyo Alhamisi yako." Akakata.

Jumapili baada ya misa Loth alitokea na baiskeli, amplifaya mpya nyuma kaifunga kwa mpira. Aliiazima kwa Bundala, mtoto wa wafugaji aliyeuza ng'ombe akageukia mizigo ya Dubai.

"Shikamoo mzee. Alhamisi nilikudanganya. Isikilize hii."

Akaiunganisha, akabonyeza, wimbo ukatoka hapo hapo. Mzee akausikiliza mpaka mwisho, kidole kinagonga goti.

"Inaimba vizuri."

"Na haitaki mtu, mzee."

"Nimesikia haitaki mtu. Ndiyo maana siitaki. Irudishe."

Herieth alikuwa mlangoni na sinia la chai. Miaka miwili alidhani baba yake anapenda valvu. Akaliweka sinia chini. Loth akamtazama mzee, akatazama kigoda, akaelewa, na alichoelewa hakukipenda.

"Mzee, nikikaa mimi? Kila siku, saa kumi mpaka saa kumi na mbili."

"Wewe si ulikuwa unaenda Dar?"

"Nilikuwa."

"Unaongea sana wewe."

"Nitanyamaza upande wa kwanza wa santuri."

Mzee akakipapasa kigoda. Mwishowe akasema, "Herieth, sanduku la mama yako liko juu ya kabati. Bawaba moja mbovu, fundi aitazame."

Jumatatu alfajiri, stendi, basi la Mbeya linanguruma. Herieth kavaa sweta lile lile la njano.

"Miaka mitatu, Loth. Utachoka."

"Nitachoka, ndiyo."

"Utanichukia."

"Kuna siku nitakuchukia. Ukimaliza, urudi nikuoe."

"Kwenye kigoda kile?"

"Tutanunua cha pili."

Loth akamshika mkono dirishani mpaka basi likamnyang'anya.

Saa kumi jioni Loth alikuwa kwenye kigoda.

"Sindano?" mzee akauliza.

"Mia mbili ishirini, mzee."

Santuri ikaanza. Nje Shedrack akapita na begi begani, anaelekea Dar, akapiga mluzi dirishani. Loth akampungia kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye nobu. Umeme ulikuwa unapanda.