Nafosat na Siku ya Tarumbeta

Kabla jua halijatoka, Nafosat alikuwa ameshafagia ua na njia ya mbele ya lango. Katika mji wa Margilan, mwali aliyeolewa karibuni haamshwi na mtu. Anaamka mwenyewe, anafagia, anachemsha chai. Kisha anasimama mlangoni na kuwainamia wakubwa wa nyumba mmoja mmoja, kichwa kimefunikwa kitambaa cha nyuzi za dhahabu. Nafosat alikuwa na wiki tatu tu katika nyumba hiyo. Kazi ya kufagia aliipenda, kwa sababu saa hizo nyumba bado imelala.

Shida ilianza watu walipoamka. Mama mkwe wake, Mama Karomat, alifungua televisheni akaiacha iongee peke yake. Jirani alikuwa anajenga, na mashine yake ya kutoboa ukuta ililia tangu asubuhi. Zebo, mke wa shemeji yake mkubwa, alimwimbia mtoto wake mchanga, Bahrom. Sufuria ziligongana. Kitambaa cha dhahabu kilimkwaruza shingoni. Kwa wengine hizo zilikuwa kelele za nyumbani tu. Kwa Nafosat zote ziliingia kichwani kwa pamoja, kama watu wanaosukumana mlangoni wakikimbia moto. Moyo ulimwenda mbio. Jasho lilimtoka. Aliogopa, na hakujua anaogopa nini.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Alipokuwa kwao, wageni walipokuja, mama yake alimruhusu akae chumba cha nyuma. Watu wakasema ana haya. Huku kwa mume hakuna chumba cha nyuma. Siku ya pili ya harusi aliwekwa mbele ya wanawake mia moja awainamie. Ngoma zilipopigwa na taa ya mpiga picha kumwakia usoni, alivua shela akakimbilia chumba cha tanuri la mikate. Wanawake wa mtaa walikuwa hawajamaliza kuizungumza habari hiyo.

"Ni kijicho," Mama Karomat alisema siku ile. "Mwali mzuri, watu wamemtazama vibaya."

Tangu hapo, asubuhi na jioni, alichoma majani makavu ya isiriki kwenye kikaango na kumfukiza Nafosat kichwani. Moshi wake ni mkali. Nafosat alibana pumzi na kuvumilia. Mama mkwe alimtibu kwa mapenzi, na kila alivyomtibu ndivyo alivyozidi kumwumiza.

Jumanne moja mambo yaliharibika. Nafosat alikuwa anapita sebuleni na birika la maji yanayochemka. Televisheni inaimba. Mashine ya jirani inalia. Bahrom naye analia kwenye godoro lake sakafuni. Mama Karomat akatokea na kikaango, na moshi ukamwingia Nafosat puani. Macho yakaingia giza. Mikono ikaachia.

Birika lilianguka. Maji ya moto yalitapakaa hadi ukingoni mwa godoro, shibiri moja tu kutoka mguu wa mtoto.

Zebo alipiga yowe akamnyakua mwanawe. Akamgeuza huku na huku. Hakuwa ameungua.

"Usimguse mwanangu!" Zebo alisema, akimbana mtoto kifuani. "Umenisikia? Usimkaribie kabisa!"

Mama Karomat hakufoka, na hilo ndilo lilitisha zaidi. Alikaa kitako, akasema taratibu:

"Jumapili ya wiki ijayo ni karamu ya mtoto kulazwa kwenye kitanda chake cha kubembea. Watakuja watu mia mbili. Tarumbeta zitapigwa hapahapa uani. Ukifanya haya mbele ya watu, mwanangu, itabidi Elyor akurudishe kwa baba yako. Si kwamba nakuchukia. Naogopa."

Nafosat alimpenda Elyor, mumewe. Tena alikuwa na wadogo zake wawili wa kike. Mwali akirudishwa, nani atakuja kuwaposa wadogo zake? Na hizo tarumbeta alizijua. Ni za shaba, ndefu kuliko mtu, na zikilia hata madirisha hutikisika.

Mchana huo alijifungia chumbani. Akafumua kona ya mfarishi aliotoka nao kwao, akanyofoa pamba. Akaivingirisha, akaisukuma masikioni. Kelele zikapungua kidogo. Akaongeza nyingine, akaisindilia kwa kijiti cha kiberiti. Ahueni iliyoje! Alitamani kulia kwa furaha.

Furaha yenyewe haikufika mbali. Sasa aliitwa asisikie.

"Nafosat! Nafosat! We Nafosat!" Mama Karomat aliita siku ya pili. Nafosat hakugeuka. "Ona sasa. Zamani alikuwa anaangusha vitu, sasa ananidharau."

Sikio la kushoto lilianza kuuma. Nafosat alijaribu kuitoa ile pamba, ikazama zaidi. Usiku alilalia upande wa kulia na hakusema kitu hata kwa Elyor.

Ijumaa alikuja Dada Saodat, muuguzi wa mtaa, kumpima Bahrom uzito. Saodat ni mwanamke mnene wa vicheko, na mama wakwe wa mtaa mzima wanamwogopa. Alimpima mtoto, akanywa chai, huku anamtazama Nafosat. Nafosat alipompa kisogo, Saodat alimwita kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka.

Alimfuata akamshika bega. "Mwali, njoo hapa dirishani penye mwanga. Sikio lako lina nini?"

"Halina kitu, dada."

"Mbona unaliinamisha kama kuku anayesikiliza mvua? Hebu kaa."

Alichungulia kwa tochi yake ndogo. Pamba ya kulia aliivuta kwa koleo ndogo. Ya kushoto hakuigusa.

"Hii imezama," alisema. "Nikiichokonoa nitaumiza ngoma ya sikio. Leo hii unakwenda kwa daktari. Pamba ya mfarishi na kijiti cha kiberiti! Mtu anaweza kuwa kiziwi hivi."

Mama Karomat alishika mdomo. "Pamba? Umeweka pamba? Kwa nini, mwanangu?"

Nafosat alitazama sakafu. "Nilitaka nisiangushe tena kitu," akasema. Kisha akalia, na katika kulia yakamtoka yote: mashine ya jirani, kitambaa kinachokwaruza, taa, moshi, na hofu ya siku ya tarumbeta.

"Basi ni wazimu," alinong'ona Mama Karomat. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Wazimu gani? Na si jini, na si kijicho," Saodat alisema. "Mama Karomat, hiyo televisheni yako inasema nini sasa hivi?"

"Sijui. Siisikilizi."

"Umeona? Kichwa chako kinachuja. Kinachukua unachokitaka, kingine kinakiacha. Cha huyu hakichuji vizuri. Sauti, mwanga, harufu, nguo inayokwaruza, vyote vinaingia kwa nguvu moja. Vikizidi, mwili unaona umevamiwa. Unataka kukimbia. Wako watu wengi wa namna hii, na wana akili zao timamu."

"Lakini nilikuwa namfukiza kila siku!"

"Ulikuwa unamwongezea mzigo, mama yangu."

Mama Karomat alitazama kikaango chake kwa aibu. "Sasa tufanye nini? Karamu siwezi kuifuta."

"Hatufuti karamu. Tunamtafutia vifaa."

Daktari aliitoa pamba na kumpa dawa ya matone. Alimwambia asitie kitu sikioni mpaka amwone tena. Alhamisi iliyofuata alimwangalia akasema sikio limepona. Hapo ndipo Saodat alipompeleka sokoni, kwenye vibanda vya vifaa vya mafundi.

Muuzaji alitoa kwanza vikinga masikio vikubwa vya kubana kichwani. Nafosat alivivaa, na soko lote likazimika.

"Hivi vaa jirani yenu akiwasha mashine yake," Saodat alisema akivivua. "Kwako havifai siku zote. Mtoto atalia usimsikie."

Vikaja vizibo laini vya sifongo. "Hivi vinazima sana," Saodat alisema. "Vitakufaa kulalia." Mwisho muuzaji alitoa vizibo vidogo vya mpira, vyenye tundu jembamba katikati. "Hivi wanavaa wapiga muziki," akasema. "Kelele inapungua, maneno yanapita."

"Usivijaribie hapa penye utulivu," Saodat alisema. "Twende kwa wafua shaba."

Nafosat alisimama ghafla. Kule wanaume kumi hugonga shaba kwa nyundo siku nzima. Tangu utotoni aliikwepa njia ile. Saodat alimshika mkono. Nafosat akavivaa vizibo, akapiga hatua moja, akapiga ya pili. Nyundo zilikuwapo, alizisikia, lakini zilikuwa zimerudi nyuma kama za nyumba ya pili. Moyo ulimdunda, ila miguu haikukimbia.

Saodat alisogea nyuma yake. "Mama mkwe wako," alisema kwa sauti ya kawaida, "anakoroma kuliko ng'ombe."

Nafosat aliangua kicheko. Alikuwa amesikia.

"Hivi ndivyo vyako," Saodat alisema. "Sasa sikiliza vizuri. Nawa mikono kabla ya kuvivaa, na vioshe kila siku. Visizame; lazima ubaki na pa kushikia. Ukivuka barabara, vua. Wala usivivae siku nzima, maana sikio likizoea kimya, kelele ndogo itakuumiza zaidi. Vaa unapovihitaji, kisha pumzika."

Kitambaa ndicho kilicholeta ubishi nyumbani. Nafosat alinunua cha pamba laini, kisicho na nakshi.

"Mwali bila dhahabu kichwani?" Mama Karomat alisema. "Watu watasema tumemnyima!"

"Avae cha pamba ndani, cha dhahabu juu," Saodat alijibu. "Mshono ugeuzwe nje usimkwaruze. Na vizibo vitajificha humo humo, hakuna atakayeviona."

Mama Karomat aliufikiria mpango huo, akaupenda. Isiriki akakubali kuichomea langoni. Televisheni aliizima kwa uchungu, kama mtu anayefukia maiti. Tena yeye mwenyewe alikata kijiti cha rihani bustanini akamchomekea Nafosat penye kipaji cha uso, kama wanavyojipamba wanawake wa huko. "Harufu za karamu zikizidi," alisema, "nusa hii." Wakakubaliana ishara pia: Nafosat akigusa shavu, mama mkwe atamtuma akaangalie mikate.

Zebo bado alimweka mtoto wake mbali. Lakini Jumamosi alimpa Bahrom amshike kidogo, Nafosat akiwa amekaa chini, na birika likiwa chumba kingine.

Jumapili ua ulijaa. Pilau ilichemka kwenye masufuria mawili makubwa. Nafosat alisimama mlangoni, mikono kifuani. Aliwaona wapigaji wanne wakiziinua tarumbeta zao juu. Akafikiria njia ya chumba cha tanuri. Akafikiria uso wa baba yake akimwona anarudi na masanduku.

Tarumbeta zikalia.

Vizibo haviondoi kila kitu. Mlio ulimtikisa kifua. Lakini kichwani mlikuwa bado na nafasi ya kufikiri. Akavuta harufu ya rihani. Mgeni wa kwanza alipofika mbele yake, akainama. Akaja wa pili, akainama. Baada ya saa nzima sauti zilianza kusukumana tena, akagusa shavu.

"Nafosat, kaangalie mikate!" Mama Karomat aliita papo hapo.

Alikaa kwenye giza la chumba cha tanuri mpaka pumzi zikatulia, vizibo mkononi. Kisha akavivaa tena na kurudi na sinia la mikate. Alipopita nyuma ya wageni, alimsikia mwanamke mmoja wa mtaa wa juu akisema:

"Karomat, ndiye huyo mwali wenu mwenye jini? Tuliambiwa mnamrudisha kwao."

Nafosat alibaki amesimama na sinia lake. Mama mkwe wake ni mtu anayeogopa maneno ya watu kuliko anavyoogopa moto.

Mama Karomat alimalizia kwanza chai yake.

"Jini gani?" akasema. "Huyu anasikia sana, kuliko wewe na mimi. Kosa lilikuwa langu, nilimzidishia kelele. Harudi popote, ni mtoto wangu. Sasa sogea apite, mikate inapoa."

Tarumbeta zilikuwa zinalia nyuma yake, na Nafosat alisikia kila neno.