Mwenye Koo Ana Kiti

"Jamani eh, mnaona mtu anavyopendwa?" Nilichomeka kitana kwenye nywele za mteja, nikashika simu na kusoma kwa sauti saluni nzima isikie. "'Mpenzi, Jumamosi uwe samaki wangu. Nitakueleza tukionana.'"

Wateja wakapiga vigelegele.

"Samaki! Juzi si ulikuwa ua?"

"Angalia, shoga. Mwisho wa samaki ni kikaangoni."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Shangazi yangu, aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki, alikuwa kiti cha mwisho akisubiri kusukwa. Yeye hakucheka. Alitoa simu yake kwenye pochi, akanisogezea.

"Soma na hii."

Nikasoma: "Shangazi, Jumamosi utakuwa samaki. Fungua mdomo kama wenzako, ila sauti usitoe. Usimwambie mtu. Mwalimu."

Huyo Mwalimu ndiye mchumba wangu. Anafundisha muziki, na darasa letu tulilianzisha wawili, chumba cha nyuma cha saluni hii hii. Mlangoni niliandika kwa mkono wangu, kwa rangi ya kucha: MWENYE KOO ANA KITI. Hakuna ada, hakuna kuchujwa. Mlinzi, dobi, fundi viatu, anayeimba kama kinanda na anayeimba kama bawaba yenye kutu, wote ndani. Nilimpenda mwanaume yule kwa sababu ya mlango ule.

"Samaki ndiyo nini sasa?" mteja akauliza.

"Anafungua mdomo kutwa kucha," Shangazi akajibu. "Umewahi kumsikia?"

Damu ilinipanda kichwani. Mungu anisamehe, nilimwacha mteja na nusu ya kichwa, nikatoka na kitana mkononi.

Nilimkuta ukumbi wa mtaa akipanga viti. Safu ya mbele ya waimbaji ilikuwa na nafasi pana. Ya nyuma viti vilibanana, vimesukumwa ukutani.

"Mimi ni samaki?"

Akaacha kiti alichoshika. "Mpenzi, nilisema nitakueleza."

"Eleza."

"Wageni wanakuja Jumamosi. Wakipenda wanachosikia, wanatupatia vyombo, magitaa, vinanda vizima, na tunautumia ukumbi huu bure. Mtaa mzima utajifunza. Wasipopenda, tunarudi kugombania kinanda kimoja kilichong'oka vitufe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimewaomba wachache wapumzishe sauti. Siku moja tu."

"Wachache gani? Wataje!"

"Shangazi. Mlinzi. Dobi na mkewe. Fundi viatu." Akakishika tena kile kiti. "Na wewe."

"Mimi niliyekuandikia mlango?"

"Sauti yako inatangulia wenzako, halafu inapanda mahali pasipo na ngazi. Unajua mwenyewe."

"Najua! Ndiyo maana nikaja darasani! Anayejua kuogelea anatafuta mwalimu wa nini?"

"Ninafanya hivi kwa ajili yenu!"

"Unamziba mtu mdomo halafu unamwambia ni kwa faida yake? Shangazi amefagia ofisi za watu miaka yote akiimba kimoyomoyo, anaogopa kuchekwa. Akaja kwako, ukamwambia aimbe. Sasa umemnyang'anya sauti kwa meseji! Hata usoni hukumtazama!"

"Ningemwambiaje usoni?"

"Kama usoni hakusemeki, basi ulijua ni ubaya."

Nilivua pete. Iligoma kidoleni, nikaivuta kwa nguvu.

"Siku ya ndoa nitaulizwa kama nimekubali. Nijibu kwa sauti, au niwe samaki?"

Nikaiweka juu ya kinanda chetu alichokileta pale, nikaondoka. Kitana nilikisahau palepale, na sikurudi kukichukua.

Simu haikutulia.

"Pokea basi."

"Nakupenda. Nimekosea, ila nielewe."

Nikamjibu: "Umewaomba radhi?"

"Nikiwaambia sasa kila kitu kitaharibika. Baada ya Jumamosi."

Nikazima simu. Nilimwambia Shangazi tususe, tumwache aaibike na safu yake ya mbele.

"Tukisusa tumemrahisishia," akasema. "Mwalimu ametoa agizo. Tutamtii."

"Shangazi!"

"Tutamtii wote." Akaanza kupiga simu, akiwatafuta hata wale wenye sauti za asali. Wa kwanza alikuwa Nesi, ambaye ndiye angeimba peke yake katikati ya wimbo.

"Kumbe nyuma yangu kuna watu wamezibwa midomo?" Nesi aling'aka mpaka nikamsikia kutoka upande wa pili wa chumba. "Hesabuni na mimi!"

Jumamosi wageni walikaa mbele, wamependeza. Mwalimu alivaa suti. Alikitazama kidole changu kitupu, akageuza macho haraka. Akainua mikono.

Tulivuta pumzi pamoja, kama alivyotufundisha. Midomo ikafunguka pamoja. Tulitamka kila neno la wimbo, tukapanua pale pa kupanua, tukabana pale pa kubana. Sauti haikutoka hata chembe.

Mikono yake iliendelea kidogo, ikapunguza mwendo, ikabaki hewani. Nesi alifika kwenye sehemu yake, akapiga hatua mbele, akaifungua midomo yake kimya vilevile.

"Mwalimu," akasema mgeni mkuu, mama mmoja mwenye miwani, "kuna hitilafu?"

Uongo ulikuwa karibu kabisa. Angesema wameshikwa na woga, na wangemwamini. Nilimwona akiutafuta, na moyoni nikasema, thubutu! Thubutu uone. Akamtazama Shangazi, na Shangazi hakukwepesha macho.

"Hakuna hitilafu," akasema. "Wamefuata agizo langu. Baadhi yao niliwakataza kutoa sauti ili ninyi mpendezwe. Mlangoni kwetu tumeandika mwenye koo ana kiti. Mimi nilitoa viti, makoo nikayaonea haya."

"Sasa tusikilize nini?"

"Leo hakuna, mama. Samahanini."

Wageni walinong'onezana, wakasimama, wakaondoka na ahadi ya vinanda vyao. Msidhani nilimrukia shingoni kwa sababu amesema kweli. Nilimpita nikaenda kufungua saluni.

Jumatatu alisimama mlangoni.

"Nimekuletea kitana chako."

"Weka hapo."

"Na pete?"

"Kaa nayo. Shangazi yuko nyuma, anasubiri somo."

Akapita. Mlango ule ulibaki wazi, nikawasikia.

"Shangazi, nisamehe mwanao."

"Kusamehe kutakuja. Saa hizi nimekuja kuimba. Anza!"

Akaanza. Alimfundisha Shangazi, kisha Mlinzi, kisha dobi na mkewe, mmoja mmoja, kwenye kinanda kile kibovu. Mimi nilikuwa wa mwisho, maana kila akiniita nilijidai nina wateja. Siku nilipokubali, sauti yangu ilipanda palepale pa siku zote. Nikamkazia macho.

"Rudi," akasema. "Tena."

Nikarudi. Ikapanda.

"Rudi. Tena."

Niliendelea kununa miezi. Mpaka siku moja darasa zima lilikuwa likiimba, Mlinzi akapotea njia, na Mwalimu akamsimamisha Nesi katikati ya utamu wake.

"Tumsubiri mwenzetu," akasema. Tukasubiri mpaka Mlinzi akaipata. Darasa lilipotoka nikanyoosha mkono.

"Lete pete yangu."

Ndoa ilifungwa ukumbini pale pale. Kwaya iliimba yote, safu moja, Shangazi akichelewa nyuma ya wenzake bila haya yoyote. Ukafika wakati nikaulizwa, "Umemkubali?"

Nilipanua mdomo, nikalitamka neno lote. Kimya.

Mwanaume wa watu jasho likamtoka.

"Weee!" Shangazi akapiga kelele. "Mtoto wa kaka yangu, utamuua mtoto wa watu!"

"Umenisikia?" nikamwuliza bwana harusi.

"Sijasikia," akasema, machozi yakimlenga.

"Ndivyo ulivyotufanya."

Nikavuta pumzi mpaka tumboni. "NIMEKUBALI!" Sauti ilitangulia, ikapanda mahali pasipo na ngazi, ikagonga mabati.

"Rudi!" Mlinzi akaita kutoka nyuma. "Tena!"

Nikarudia.