Nyasi za Goli la Kaskazini

Wiki ile mvua za kwanza zilikuwa zimegusa Dodoma, na duka la pembejeo la mzee Anuari, karibu na soko la Majengo, lilijaa wakulima tangu asubuhi. Zablon aliingia na ovaroli lake la kijani, akapenya katikati ya watu kuelekea kaunta, na buti lake likatua juu ya mguu wa muuzaji aliyekuwa akitoka stoo amekumbatia mfuko wa mbolea.

Muuzaji huyo aliitwa Hilda. Alivaa gauni la manjano lililomkaa vizuri kiunoni, na kilemba cha kitenge. Aliutua mfuko taratibu, akautazama mguu wake, akamtazama mwenye buti, kisha akamuuliza analima nini.

"Nyasi," alisema Zablon.

Watu wakacheka. Hilda hakucheka. "Una ng'ombe wangapi?"

"Ishirini na wawili. Wanakimbia dakika tisini, halafu wanaoga, wanaenda kwao."

Hapo Hilda akashindwa kujizuia. Zablon akamweleza kwamba yeye ni msimamizi wa watunza uwanja kwenye uwanja mmoja wa mpira huko Miyuji, na kwamba kwa miaka minne amekuwa akiubembeleza ukoka uote kwenye udongo ambao ukiupa mgongo tu unageuka vumbi. Hilda alimsikiliza akiwa amesahau foleni yote. Hakuwa amewahi kusikia mwanamume akizungumzia majani kwa sauti ile.

Simu zikaanza. Asubuhi Zablon alipokuwa akivuta mipira ya maji, ya kwake ililia.

"Mkulima wa nyasi, umeamkaje?"

"Nimeamka nakuwaza, mama mbolea."

"Mwongo. Umeamka unawaza mchwa."

Jumapili baada ya ibada Zablon alimpeleka uwanjani, akamwambia avue viatu atembee. Hilda alitembea kutoka goli hadi goli, gauni amelishika mkononi, akasema hajawahi kukanyaga kitu laini namna ile. Ndani ya miezi mitatu kila mmoja alikuwa amekwisha kuamua moyoni, ila hakuna aliyesema.

Mwezi Machi uwanja ukapangiwa mechi kubwa, ya kuonyeshwa kwenye televisheni. Zablon alitaka nyasi ziwe kijani kibichi, akanunua kwa Hilda mbolea ya kupulizia kwenye majani. Akaipulizia Jumatano kwa bomba la mgongoni, uwanja mzima, mwenyewe.

Jumanne iliyofuata alifungua geti, akasimama. Mbele ya goli la kaskazini nyasi zilikuwa njano, mstari kwa mstari, upana wa hatua zake. Alipiga magoti akazivuta, zikatoka mkononi kama nywele za mgonjwa. Alikaa chini palepale. Wenzake walipomwita hakusikia.

Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja dukani. Duka lilikuwa limejaa.

"Umeniuzia sumu," alimwambia Hilda mbele ya wote. "Umeniulia uwanja."

Hilda alishika kaunta. Mtu aliyesimama mbele yake alikuwa na uso wa Zablon lakini si macho yake. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Ulianzia wapi kupulizia?"

Zablon alitupa chupa tupu kwenye kaunta, akatoka. Wateja wawili nao wakarudisha walichokuwa wameshika. Mzee Anuari, kwa kuogopea jina la duka lake, akamwambia Hilda akapumzike nyumbani kwanza, na wote wawili walijua maana yake. Jioni ile Hilda alikuwa kwao Mvumi, simu ameizima, anamwambia mama yake kwamba ana malaria.

Lile swali halikumwacha Zablon. Ijumaa alisimama katikati ya uwanja akalifikiria vizuri. Alianzia goli la kaskazini, na bomba la kwanza kujazwa liliishia pale pale ambapo njano iliishia. Mabomba yote yaliyofuata, kwa mbolea ileile, yalikuwa yamenawirisha nyasi. Akampigia kaka yake Lameck, aliyekuwa ameliazima bomba siku chache kabla ya kupulizia, kwa ajili ya shamba lake la zabibu Hombolo, akamuuliza kama aliliosha kabla ya kulirudisha.

"Niliacha kuliosha makusudi," alisema Lameck. "Dawa ya magugu ilibaki kidogo humo ndani. Nikaona utaitumia."

Zablon hakumlaumu. Hata yeye hakuwa amefungua mfuniko kuangalia.

Alikwenda kwa meneja wa uwanja, akasema kosa ni lake. Wenzake walimsihi anyamaze, duka lilikuwa limeshabeba lawama. Mechi ilihamishiwa mji mwingine, naye akaondolewa usimamizi, akabaki kibarua wa kumwagilia. Kisha akaenda dukani saa ileile ya watu wengi, akasimama pale alipokuwa amesimama mara ya kwanza, akaeleza yote, bomba, dawa, na uzembe wake. Mzee Anuari alivua miwani, akaivaa tena. Alisema atampigia Hilda arudi kazini.

Jumamosi Zablon alifika Mvumi, shati jeupe limeshika vumbi mabegani. Hilda alikuwa uani anachambua mlenda. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa.

"Umemwambia na meneja?"

"Nimemwambia."

"Umebaki na kazi gani?"

"Kuvuta mipira ya maji."

Hilda aliinuka, akajikung'uta. Zablon alidhani anafukuzwa, akaanza kutafuta maneno ya kuaga. Badala yake Hilda alimshika mkono, akamwongoza hadi kwa baba yake, aliyekuwa kivulini ukutani anashona kiti cha ngozi.

"Baba, huyu ni Zablon. Ana neno kuhusu mimi."

Zablon alipigwa na butwaa. Alikuwa amekuja kuomba radhi tu. Alisema shikamoo mara mbili, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba anataka kumuoa Hilda, kama akikubaliwa.

Mzee alichoma sindano kwenye ngozi, akaiacha. "Posa hailetwi na mwenyewe," alisema. "Tafuta mshenga. Mje Jumamosi ijayo."

Hilda alimsindikiza hadi barabarani. Zablon alitembea kama mtu aliyetoka kuzama majini, akamuuliza mara tatu kama alikuwa akimaanisha. Ina maana amemsamehe?

"Sijakusamehe yote," alisema Hilda. "Nimekubali kuolewa na wewe. Hayo mengine tutayamalizia ndani."