Lenzi ya Chuma Chakavu

Riungu alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya studio yake, Majengo mjini Meru, kisogo kimepasuka. Kando yake palikuwa na stendi ya kamera iliyojaa damu. Inspekta Virginia Wanjugu aliitazama maiti, kisha akaitazama meza, na meza ndiyo iliyomtia shaka.

Kamera ilikuwepo. Lenzi ya bei kali ya kupigia harusi ilikuwepo. Kilichokosekana ni kidude ambacho mwizi wa kawaida angekipiga teke: lenzi kuukuu iliyong'olewa kwenye mashine ya kiwanda, ikafungwa kwa kipande cha bomba la maji na utepe mweusi. Kwa kidude hicho Riungu alipiga picha za wadudu, mguu wa nzi ukaonekana mkubwa kama wa ng'ombe.

"Mwizi gani anaacha kamera anabeba bomba?" Wanjugu aliuliza.

"Njura, Madam," Koplo Mukiri alijibu haraka. "Muuza vyuma chakavu. Yeye ndiye alimuuzia hiyo lenzi. Waligombana juzi hapa nje, watu wakasikia. Na tumeipata kwake, chini ya kitanda."

Kesi ilikuwa imejitatua yenyewe, na Wanjugu hakuzipenda kesi za namna hiyo. Hata hivyo hakumwamini Njura pia. Akaamuru aletwe kutoka seli. Jumatatu mtu huyo alikuwa afikishwe kortini kwa mauaji, na mkewe alikuwa ameketi nje ya kituo akikataa kwenda nyumbani.

"Lenzi ilifikaje chini ya kitanda chako?"

"Ni yangu, Madam. Mashine ilikuwa na mbili. Moja nikauzia Riungu, ingine nikabaki nayo."

"Mbona uliificha?"

"Riungu aliitaka sana. Kitu mtu anataka hivyo, si utaficha?"

"Na ugomvi?"

"Ni hiyo hiyo. Nilimtusi, siwezi kataa. Lakini kuua? Aki Madam, mimi niko na watoto."

Mukiri alicheka. Wanjugu aliwachukua wote wawili hadi kwenye uwanja wa Njura wa vyuma chakavu, ile mashine ikapinduliwa. Zamani ilikagua nyuzi katika kiwanda cha nguo kilichofungwa. Ilikuwa na matundu mawili yaliyolingana, yote matupu. Isitoshe, lenzi iliyokutwa chini ya kitanda haikuwa na hata chembe ya gundi ya utepe. Mukiri aliacha kucheka.

Mjane, Cicily, alizungumza macho yakiwa mekundu.

"Mume wako alikuwa na adui?"

"Alirudi kutoka kwa maonyesho ya kilimo Embu amenuna. Chakula hakugusa. Akasema tu, mtu amekula jasho yangu. Mimi nikafikiria ni Njura."

"Nani mwingine alijua kuitumia hiyo lenzi?"

"Hakuna. Hiyo haizungukangi kama zile zingine. Alifunga kamera kwa reli ya droo, anaisogeza yote pole pole mpaka mdudu aonekane vizuri. Hata Muturi, huyo wa Embu alikuwa anamsaidia kupiga picha za harusi, hakukubaliwa kuishika."

Wanjugu aliteremka Embu na lenzi ya Njura mkobani, ikiwa imekwisha kufungwa bomba. Katika ukumbi wa maonyesho palitundikwa picha ya jicho la nyuki, kila unywele ukionekana. Chini yake paliandikwa jina la Muturi. Mwenyewe alikuwa hapo, ndani ya suti mpya, mwalimu mpya wa upigaji picha katika mradi wa wafuga nyuki wa Gachoka.

"Ulimwona Riungu lini mwisho?"

"Kitambo. Mwaka jana hivi. Nimelia sana, Madam."

"Picha hii uliipigaje?"

"Na lenzi ya kiwanda. Nilijitengenezea."

"Iko wapi?"

"Iliharibika."

Wanjugu alitoa lenzi ya Njura. Akamweka sisimizi aliyekufa juu ya karatasi nyeupe. "Nipigie huyu."

Muturi aliifunga kwenye kamera yake, akainama. Mkono wake wa kushoto ukaenda moja kwa moja kwenye lenzi ukaanza kuzungusha. Haikuzunguka. Akakaza. Jasho likamtoka.

"Imekwama," alisema. "Hata ile ilikuwa imekwama hivi."

"Ile gani?"

Muturi aliiweka kamera mezani taratibu, akatafuta kiti.

"Picha niliitoa kwa kompyuta yake," alisema baadaye. "Nikapata kazi nayo. Mama akapanga shukrani kanisani, akatoa mbuzi. Riungu akapiga simu, akasema atakuja Jumapili asimame aambie washirika mimi ni mwizi, mama akiwa ameketi hapo mbele. Nilienda kumwomba anyamaze. Akanipa mgongo, akaendelea na mdudu wake."

"Na lenzi?"

"Watu wa Gachoka walitaka picha zingine kama hiyo. Nilidhani nikiwa nayo nitaweza."

Waliikuta chumbani kwake ndani ya soksi. Alikuwa ameitia mafuta ya cherehani ili izunguke. Mafuta yalikuwa yameingia katikati ya vioo, na haikuonyesha kitu tena ila ukungu. Wanjugu alipandwa na hasira kwa ajili ya kile kioo, akajishangaa.

"Kwani alikuwa anafanya aje?" Muturi aliuliza.

"Lenzi haina cha kuzungusha. Unasogeza kamera yote. Ungemwuliza."

"Nilimwuliza, Madam. Miaka yote nilikuwa namwuliza. Alikuwa anafunga mlango."

Wanjugu alimfunga pingu, kisha akampigia Mukiri simu amwachilie Njura.