Nusu Inchi na Vipimo vya Uongo

Nyumba ya fundi cherehani mmoja, ndugu zangu, ilikuwa na raha zake. Asubuhi mashine ilinguruma, mumewe akapiga pasi kazi za jana huku wakitaniana. Mtaa mzima walimwita Nusu Inchi, maana hakuvumilia suruali ipungue hata nusu inchi.

Lakini alikuwa na kisukari, na hapo vipimo vyake vilikuwa vya ujanja. Siku mbili kabla ya kliniki aliacha soda na kumeza dawa bila kukosa. Majibu yakatoka mazuri, daktari akamsifu, naye akarudia soda yake. Aliposhika mimba alikwenda kliniki mimba ikiwa na miezi mitano, eti kazi ya kushona sare za shule imembana.

Alizaliwa binti mnene, mzuri. Tatizo, akinyonya alihema na kutoka jasho. Daktari akamkuta na tundu kwenye moyo.

Nusu Inchi akauliza, "Linashonwa?"

"Linashonwa, akikua kidogo."

"Ni mimi nimemfanyia hivi?"

"Siwezi kusema ni sukari tu. Ila moyo wa mtoto huumbwa wiki za mwanzo kabisa, na sukari ikiwa juu wakati huo, hatari huongezeka. Wiki hizo hatukukuona, mama."

Nyumbani alimwambia mumewe ukweli wote. Mume akainamisha kichwa. "Na soda nilikuwa nakuletea mimi."

Miezi sita waliishi roho mkononi. Mtoto akapasuliwa, akapona. Sasa ana miaka mitatu na kazi yake ni kukimbia na futi ya mama yake. Ashukuriwe Mungu.

Mwezi uliopita wazazi walikwenda kliniki pamoja, kabla ya mimba ya pili. Daktari akapitia daftari ambamo Nusu Inchi sasa huandika vipimo vyake vya sukari.

"Jumanne ilipanda sana."

"Nilikula keki," alisema Nusu Inchi. "Nimeandika hivyohivyo."

"Vizuri. Sasa naweza kukusaidia."

FUNZO

Dada mwenye kisukari, muone daktari kabla ya kubeba mimba, na ukishabeba wahi kliniki, moyo wa mtoto upimwe mapema. Shemeji zangu, msiwaachie wake zenu mzigo huu peke yao. Na ukipima, andika ulichokiona. Kipimo cha kumfurahisha daktari hakimlindi mtoto.