Lozi Moja Shavuni

Katika shule yetu ya msingi pale Ihumwa, mimi Elieth ndiye niliyekuwa kiranja wa kengele. Msinicheke. Cheo hicho nilikipata nikiwa darasa la tano, na nilikipenda kuliko kitu chochote. Kengele yenyewe ilikuwa ringi kuukuu ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwenye tawi mbele ya ofisi ya walimu. Niliigonga kwa kipande cha nondo mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia.

Tatizo lilikuwa moja tu: sikuwa na saa. Mwalimu mkuu pekee ndiye aliyekuwa nayo, lakini siku nyingi alikuwa mjini Dodoma kwenye mikutano. Basi nikawa naitegemea treni. Treni ya abiria ilikuwa ikipita Ihumwa kama saa nne asubuhi, wakati uleule wa mapumziko. Nikisikia honi, naomba ruhusa darasani, natoka mbio, nagonga.

Siku moja mwezi wa Novemba 1994, treni ilichelewa saa mbili nzima. Mimi nimetega sikio, hakuna kitu. Walimu wanasubiri kengele, wanaendelea kufundisha. Watoto wa darasa la kwanza wakaanza kulia kwa njaa, na uji jikoni ukaganda. Mwalimu mkuu alirudi kutoka mjini akatukuta bado tumo madarasani, na jua liko utosini.

"Elieth, unasubiri nini?" aliniuliza.

"Nasubiri treni, mwalimu."

Shule nzima ilicheka. Kuanzia siku hiyo wakanipachika jina la Treni. Kucheka kulikuwa afadhali, maana mwalimu mkuu aliongeza neno lililonikosesha raha: "Ikitokea tena muhula ujao, kengele nitampa mwingine." Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima.

Wiki iliyofuata akaja Kirsten. Shule yetu ilikuwa na urafiki na shule moja ya Denmaki, na mwaka ule wanafunzi sita walikuja kukaa nasi wiki sita, kila mmoja nyumbani kwa mwenzake. Kirsten alikuwa na miaka kumi na minne, miguu mirefu, pua imejaa madoa, na hakujua aibu hata kidogo. Aliongea Kiswahili chake cha kuokoteza na kila mtu, hata na mbuzi. Bibi yangu Raheli alimfundisha kusalimia kwa Kigogo, na kila asubuhi akawa anamwinamia na kusema, "Mbukwa, Bibi!" Bibi alimpenda sana, mpaka nikaona wivu.

Siku ya kwanza tulipompeleka mnadani, Bibi alimwambia ashike mkoba wake vizuri. "Wataiba," alisema.

"Wataiba ni nini?" Kirsten aliuliza.

Bibi hakuhangaika na maelezo. Alimvua kofia kichwani akaificha ndani ya kanga yake. "Hivi," akasema. "Nimeiba."

Kirsten alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo ukawa mchezo wake. Nikiwa nakula karanga, ananyakua mbili na kukimbia huku akipiga kelele, "Nimeiba!" Wapita njia walikuwa wakigeuka kumwangalia, na sisi tukawa tunaona aibu na kucheka kwa pamoja.

Krismasi ilipokaribia, mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na Baba alikuwa amekwisha kupanda mtama. Kirsten alituuliza mti wa Krismasi uko wapi. Kwao, alisema, wanaukata msituni, wanauweka sebuleni, kisha watu wote wanashikana mikono na kuuzunguka wakiimba.

Rafiki yangu Ikram, binti wa jirani yetu Mzee Mbwana, alimwonyesha mti uliokuwa katikati ya ua wetu, umejaa maua mekundu. "Si huu hapa? Unaitwa mkrismasi. Kila mwaka unachanua mwezi huu, wala hatuukati."

"Unachanua wenyewe?" Kirsten alikodoa macho. "Hakuna mtu anapamba?"

"Unajipamba wenyewe, dada," Ikram alimjibu kwa maringo.

Asubuhi ya Krismasi tulipotoka kanisani, Mzee Mbwana alikuwa ameshafika na kisu chake. Yeye na mkewe Mama Ikram ni Waislamu, watu wa Kondoa, na kila Krismasi ndiye aliyetuchinjia mbuzi. Kirsten alishangaa. Alimuuliza Mama yangu kwa nini Mwislamu anachinja mbuzi wa Krismasi.

"Sasa tukichinja wenyewe, Mzee Mbwana na watoto wake watakula nini?" Mama alimjibu. "Na wasipokula kwetu, hiyo ni sikukuu gani? Idi tunakwenda kwao, Krismasi wanakuja kwetu."

Kirsten akasema na yeye anataka kupika chakula cha kwao. Kilikuwa wali uliopikwa kwa maziwa na sukari. Nilichambua mchele mimi mwenyewe, na Bibi alisimama mlangoni mwa jiko akitikisa kichwa. "Wali wenye sukari! Huu ni uji uliokosa adabu," alisema.

Wali ulipoiva, Kirsten alifungua kikaratasi alichokuja nacho kutoka kwao. Ndani mlikuwa na lozi moja tu. Alituonyesha wote, kisha akaitumbukiza ndani ya sufuria na kukoroga. Alieleza kwamba atakayeikuta kwenye bakuli lake ataificha shavuni, atanyamaza kimya, na ataitoa wenzake wakishamaliza kula. Huyo atapata zawadi.

"Lozi moja kwa watu tisa!" Bibi alisema kwa huruma. "Maskini, kwao hawana hata karanga? Ngoja niongeze kiganja kimoja." Mama alimzuia mlangoni akiwa na karanga mkononi.

Zawadi yenyewe mimi na Ikram tulikwisha kuionyeshwa. Ilikuwa saa ya mkononi, ndogo, yenye mkanda mwekundu. Miaka ile maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa saa za kila aina, lakini kwetu sisi zilikuwa za kutazama kwenye kioo tu. Nilipoiona ile saa sikuona saa. Niliona kengele yangu, nikajiona nikigonga saa nne kamili, treni ipite isipite.

Kazi ya kupakua nilipewa mimi. Nikachota bakuli la kwanza, la pili, la tatu. Nilipochota la nne nikaiona: lozi, imekaa juu ya upawa, inanitazama. Bakuli lililokuwa zamu yake lilikuwa la Ikram. Nilitazama huku na huku. Mama alikuwa anafunika nyama, na Bibi anabishana na Kirsten habari za sukari. Mkono wangu ukaenda wenyewe mpaka kwenye bakuli langu. Ndivyo nilivyojiambia, kwamba mkono ulikwenda wenyewe.

Tulikula uani, chini ya mkrismasi. Niliweka lozi shavuni kijiko cha kwanza tu. Ikram alitafuna taratibu, karibu punje kwa punje, akiitafuta. Mdogo wake Khalidi alimaliza na kulilamba bakuli kabisa.

"Nani amepata?" Kirsten aliuliza. Kila mtu alitikisa kichwa.

"Elieth, wewe je?" Bibi aliniuliza. "Mbona leo huongei?"

Nilitaka kujibu, ikatoka "mmmh" tu. Basi wote wakajua. Niliitoa lozi, makofi yakapigwa, na Kirsten akanifunga saa mkononi. Ikram ndiye aliyenikumbatia wa kwanza. "Treni imekufa!" alipiga kelele. "Muhula ujao hakuna atakayekuita tena jina lile!"

"Mungu amempa anayehitaji," alisema Mzee Mbwana, naye alisema kwa moyo safi.

Afadhali wangenitukana.

Baada ya hapo tukashikana mikono kuuzunguka mkrismasi, kama wafanyavyo kwa kina Kirsten. Ila wimbo wao Bibi aliuona umepoa mno. Alileta ngoma yake, akaibana katikati ya magoti, akaitwanga. Ua ukachangamka! Kirsten alirusha mabega, Baba alikanyaga viatu vya Mzee Mbwana, Mama Ikram alipiga vigelegele. Mkono wangu wa kushoto ulishikwa na Ikram, na ile saa ilikuwa ikimgongagonga kwenye kifundo cha mkono kila tuliporuka. Yeye alicheka tu. Hakujua kwamba bakuli lilikuwa lake.

Nilisimama. Duara likakatika, na Bibi akaacha ngoma.

"Lozi sikuipata kwa bahati," nilisema. "Niliiona kwenye upawa. Nikaielekeza kwenye bakuli langu."

"Sielewi," Kirsten alisema. "Kuelekeza ni nini?"

"Yaani nilijipendelea."

"Kujipendelea ni nini?"

Nilitafuta neno jingine, jepesi, litakalonipitisha bila kuumia. Sikulipata. Kirsten hakuwa na maneno mengi ya Kiswahili, na kati ya yale aliyokuwa nayo, lililonifaa lilikuwa moja. Nililijua, na Bibi alilijua pia, maana alikuwa ananitazama bila kupepesa macho.

"Nimeiba," nilisema.

Kirsten alitabasamu kwanza, akidhani ni ule mchezo wetu. Kisha aliyaona machozi yangu na tabasamu likaondoka.

"Elieth!" Mama alishika kichwa. "Siku ya Krismasi! Mbele ya mgeni!"

Nilivua saa nikampa Kirsten, nikamgeukia Ikram. "Lilikuwa bakuli lako. Nisamehe, ndugu yangu." Ikram alirudi nyuma hatua moja.

Baba alianza kunisogelea, lakini Mzee Mbwana alimwekea mkono begani. "Baba Elieth, subiri. Mtoto amesema mwenyewe. Nani alikuwa amemshika?"

Kisha Bibi akauliza, "Wali umebaki?"

"Umebaki, mama," Mama alijibu.

"Basi ioshwe hiyo lozi irudi sufuriani. Tunaanza upya."

"Tumeshiba, Bibi!" Khalidi alilalamika.

"Utakula hivyohivyo. Na atakayepakua ni Elieth."

Mama alitaka kukataa, ila Bibi akisema ameshasema. Nilipakua mabakuli tisa, macho nimeyaelekeza juu kwenye maua mekundu. Wali ulinimwagikia vidoleni na sikujali. Tukaanza kula tena, tukigumia kwa shibe, kila mtu amelegeza mkanda wake.

"Ala! Jiwe!" Bibi alifoka ghafla. "Elieth, mchele huu uliuchambua kweli? Unataka kunimalizia meno yaliyobaki?" Na kabla hatujasema lolote alilitema mkononi na kulitupa uani. Jogoo wa Mama Ikram alikuwa karibu. Alilidonoa na kukimbia nalo.

"Bibi!" Kirsten alipiga yowe. "Hiyo ni lozi!"

Ua mzima ulimkimbiza jogoo. Khalidi kapita chini ya meza, Baba kapita juu, na Mzee Mbwana alikaa chini kwa kicheko, kofia imemdondoka. Jogoo alishinda. Ikram alicheka mpaka akanishika bega asianguke, na mkono wake hakuutoa. Nikajua nimesamehewa.

Kirsten alimfunga Bibi saa. Bibi hakujua kuisoma, lakini mkono aliuinua juu siku nzima ili majirani wote waione.

Kirsten aliondoka wiki ya kwanza ya Januari. Tulipomsindikiza aliniambia kwamba kwao, mlango wa pili, kuna familia ya Kituruki, Waislamu. "Miaka mingi, Krismasi hawajakula kwetu. Hatujawaita," alisema. "Mwaka huu nitawaita." Kisha akaninyakua kofia yangu kichwani, akaniuliza, "Naomba?" Nilimpa. Alinivalisha ya kwake.

Siku ya kufungua shule, Bibi aliniita asubuhi na mapema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, saa mkononi.

"Unajua kwa nini nilikuacha upakue mara ya pili?" aliniuliza.

"Hapana, Bibi."

"Ulipokuwa na lozi shavuni nilikuuliza swali dogo tu, ukashindwa kujibu. Kitu cha wizi ndivyo kinavyomkaa mtu, kinamziba mdomo. Ulipokitoa ukaongea, tena mbele ya watu, nikajua sasa unaweza kushika upawa." Alifungua ule mkanda mwekundu taratibu. "Kengele ni mdomo wa shule, mjukuu wangu. Watoto mia tatu wanausikiliza bila kuuliza. Anayeipiga lazima awe mtu wa kuaminika kwanza, habari ya saa inakuja baadaye. Haya, lete mkono. Nakuazima. Jioni unirudishie."

Siku ile honi ya treni ililia saa tano na dakika kumi. Hakuna mtoto aliyenyanyuka, maana uji tulikuwa tumekwisha kuunywa zamani. Nilikuwa nimeigonga kengele saa nne kamili, na mbuzi wa jirani walikimbia kama kawaida yao.

Jioni nilimfunga Bibi saa yake. Aliigeuza huku na huku, akaisogeza karibu na jicho, kisha akanitazama.

"Haya, mwaminifu wangu," alisema. "Sasa hivi ni saa ngapi?"