Baba Alikiri Kosa Lisilo Lake

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Spoki alimsaidia baba yake kutoa baiskeli kibandani na kuzipanga ukutani. Baba alikuwa fundi baiskeli. Alizaliwa nchi jirani, akahamia hapa angali kijana, akaoa hapa, na kibali chake cha ukaazi alikitunza ndani ya mfuko wa nailoni kama yai. Jina la Spoki alilitoa yeye, kwa sababu ya miguu ya binti huyo, myembamba kama spoki za gurudumu na isiyotulia.

Asubuhi moja walikuja polisi wawili. Walikuta fremu nyekundu ambayo baba aliinunua kwa mteja apate vipuri. Kumbe ilikuwa ya wizi! Baba akashtakiwa kwa kupokea mali ya wizi.

Kwenye geti la mahakama ndipo walipokutana na Mkoba. Mtu huyo alijiita mwanasheria. Watu walimwita Mkoba kwa sababu ya mkoba wa ngozi ambao hakuachana nao, ingawa ndani hamkuwa na kitu ila gazeti la juzi na kitana. Hakujua sheria hata ya kuvuka barabara, lakini mdomo alikuwa nao.

"Fundi, kiri tu," alisema huku akijipepea. "Ukibisha, kesi itakula mwaka mzima. Ukikiri, ni faini kidogo, saa sita uko kibandani kwako."

"Lakini sikujua kama ni ya wizi."

"Nani kakuuliza ulijua nini? Sema ni kweli, yaishe!"

Mama alimvuta baba shati, asimsikilize. Lakini baba alikuwa mtu wa kuogopa sare na makaratasi. Mbele ya hakimu akasema ni kweli. Alipotozwa faini na kuachiwa, Mkoba alitembea kifua mbele mpaka vifungo vya shati vikalia.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya Idara ya Uhamiaji. Spoki ndiye aliyeisoma, maana baba hakuwa msomaji mzuri. Kwa kuwa amepatikana na hatia, kibali chake kimefutwa. Aondoke nchini.

Mama alimshika Spoki mkono wakaenda moja kwa moja kwa Mkoba. Walimkuta anakunywa chai.

"Kumbe mumeo ni mgeni?" alisema bila kuinua macho. "Mngeniambia mapema! Mambo ya wageni si fani yangu."

"Kwani fani yako ni ipi?" Spoki akamuuliza.

Mkoba akakohoa. Akaufungua mkoba, akaufunga.

Jirani mmoja akawaelekeza ofisi ya msaada wa sheria. Wakili wa pale, mama mmoja mfupi mwenye sauti nzito, aliisoma barua akatikisa kichwa. "Mwenyeji akikiri kosa dogo, analipa faini, yamekwisha. Mgeni akikiri kosa lilelile, anaweza kufukuzwa nchini. Bado mna siku kumi na moja za kukata rufaa. Nitaiandikia Idara isubiri. Nyinyi nileteeni nakala ya mwenendo wa kesi."

Karani wa mahakama aliwaweka kwenye benchi siku tatu. "Nyie wageni hamkosi shida," alisema akichokonoa meno, na siku ya tatu akawatupia karatasi nne kama anayetupa maganda.

Spoki alimsomea baba neno kwa neno. "Mshtakiwa anasema: Ni kweli, niliinunua ile fremu." Akaurudia mstari huo. "Baba, kwani kununua ni kosa?"

"Hapana."

"Basi mbona hapa hujasema popote kwamba ulijua ni ya wizi?"

Baba akakuna kichwa. "Kwa sababu sikujua."

Kesho yake wakili aliposikia hayo alipiga meza. "Hapo hapo! Huku si kukiri kosa. Amekiri kununua tu."

Jaji wa rufaa alikubali. Alifuta hukumu na kuamuru kesi isikilizwe upya kwa hakimu mwingine. Safari hii baba alisema, "Si kweli. Sikujua." Mwizi mwenyewe, yule mteja aliyeuza fremu, alikuwa amekwisha kamatwa, naye alieleza kwamba alimdanganya fundi kuwa fremu ni ya kaka yake. Baba akaachiwa huru, na Idara ikamrudishia kibali.

Nje ya mahakama Mkoba akawadaka. "Hongera, fundi! Si nilikwambia yataisha?"

Spoki akasonya. Alikuwa na maneno tele ya kumpa, lakini baba akamshika bega. "Mwache. Huyu si wa kumpotezea mate."

Walipofika barabarani baba alisimama. "Unamdharau Mkoba, mwanangu, na anastahili. Lakini aliyemwambia hakimu 'ni kweli' si Mkoba. Ni mimi. Nilisema ili niepuke usumbufu. Kukubali kosa usilofanya nako ni uongo, na uongo wangu nusura ututenganishe. Mtu akikwambia useme lisilo kweli, hata akivaa tai tatu, mkatalie. Na usichokielewa, uliza mpaka ukielewe."

"Na nikiogopa?"

"Sema huku unaogopa. Leo miguu ilikuwa inanitetemeka."

"Niliiona, baba," alisema Spoki. "Lakini sauti ilisikika mpaka nyuma."